Siku Nne Kimya, Usiku wa Tano Stori

Juzi kuna msee aliniandikia inbox saa nane usiku. Hakuanza na salamu. Alisema kwa miezi saba sasa amekuwa akiamka kabla ya mamake, anaketi kitandani, anafumba macho na kufuata pumzi yake kwa dakika ishirini. Mambo ya Buddha alijifunzia kwa simu. Hajamwambia mtu yeyote. Kwao ni watu wa kanisa, mtaani wataanza kumwita mganga, na chuoni akifungua mdomo ataulizwa kama ameingia Illuminati. Swali lake lilikuwa moja tu: nitapata wapi watu wa kuongea nao?

Nilitaka kumtumia linki mbili tatu nilale. Lakini swali lilinikwama, kwa sababu nilikuwa nimelisoma mahali pengine, na waliouliza hawakuwa na simu. Hawakuwa hata na vitabu. Kwa hivyo leo badala ya linki nampa historia, na wewe pia unayepita hapa vuta kiti.

Hoja yangu ni hii. Kutafuta wenzako wa kuzungumza nao kuhusu njia hii si udhaifu, wala si tabia ya kizazi cha bando. Wabuddha wameifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 2,500, na karibu kila kosa tunalofanya kwenye magrupu yetu, wao walishalifanya. Makosa yao tunaweza kuyatumia bure.

Nusu ama yote?

Ananda alikuwa binamu ya Buddha na msaidizi wake wa karibu. Siku moja alimwendea na wazo aliloliona ni la maana sana: kwamba kuwa na marafiki wema ni nusu ya maisha ya kiroho. Yaani ukishapata watu wazuri kando yako, umefika katikati ya safari. Buddha akamkatiza. Akamwambia asiseme hivyo, kwa sababu urafiki mwema si nusu ya maisha hayo, ni maisha hayo yote.

Kwa lugha ya Kipali rafiki wa aina hiyo anaitwa kalyanamitta. Mitta ni rafiki, kalyana ni wema. Si mtu wa kukupigia makofi kila ukiandika kitu. Ni mtu ambaye ukikaa naye, uongo unaanza kukuonea aibu wewe mwenyewe, na kazi uliyokuwa unaiahirisha unaifanya bila kusukumwa.

Kuna kijana mwingine wa wakati huo anaitwa Meghiya. Huyu alikuwa msaidizi wa Buddha kabla ya Ananda. Akitembea kando ya mto aliona shamba la miembe, kivuli safi, upepo, utulivu. Akajiambia hapa ndipo pa kufanyia meditesheni. Akaomba ruhusa aende peke yake. Buddha akamwambia asubiri kwanza, maana walikuwa wawili tu, hadi mtawa mwingine afike. Meghiya akaomba mara ya pili. Akaomba mara ya tatu. Mwisho akaachwa aende.

Aliketi chini ya mti, na badala ya utulivu vikaja vita. Mawazo ya tamaa, ya chuki, ya kutaka kuumiza. Alishangaa mwenyewe: mbona nimeacha nyumba yangu kwa imani halafu kichwa changu kinafanana hivi? Akarudi akiwa ameshikwa na haya. Buddha hakumcheka. Alimpa orodha ya mambo matano yanayokomaza akili ambayo bado ni mbichi. La kwanza kabisa ni rafiki mwema. La pili ni maadili. La tatu, na hapa ndipo ninapotaka usimame, ni mazungumzo. Mazungumzo ya kweli kuhusu kuridhika, bidii, utulivu na ukombozi. Juhudi na hekima zinakuja baadaye kwenye orodha.

Kwa hivyo wewe unayeketi peke yako asubuhi ukipigana na kichwa chako na kudhani una kasoro, tulia. Hiyo ni stori ya Meghiya. Dawa aliyopewa haikuwa kuongeza dakika. Ilikuwa kutafuta mtu.

Grupu ambalo hakuna anayeongea

Sote tuna lile grupu lenye watu mia mbili na hakuna mtu amesema kitu tangu Machi. Basi jua nalo si jipya.

Mfalme Bimbisara wa Magadha, kaskazini mwa India, aliona kwamba watawa wa madhehebu mengine walikuwa na siku zao maalum za kukutana kulingana na mwezi, na watu wa kawaida walikuja kuwasikiliza na kuwapenda. Akamshauri Buddha: kwa nini watu wako pia wasikutane? Buddha akakubali. Siku ikafika, watawa wakakusanyika, watu wakaja kusikiliza. Watawa wakaketi. Kimya. Hakuna aliyefungua mdomo.

Watu walirudi nyumbani wakiwa wamekasirika, wakiwafananisha watawa hao na nguruwe bubu. Habari ikamfikia Buddha, naye akatoa maelekezo kwamba wakikutana wazungumze kuhusu mafundisho. Mkutano huo ukakua ukawa kile kinachoitwa uposatha, ambapo watawa hukutana mwezi mpevu na mwezi mwandamo kukariri kanuni zao pamoja. Hadi leo unafanyika.

Na kukutana hakukuwa kwa ajili ya kupashana habari tu. Hakukuwa na vitabu. Mafundisho yaliishi vichwani mwa watu kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa Sri Lanka katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Makundi ya watawa yaligawana sehemu za kukariri. Waliosoma madrasa wanaelewa hili haraka: mnasoma kwa sauti, ukiteleza kwenye neno moja mwenzako anakurudisha. Ukikaa peke yako ukisahau, umesahau. Kila sutta unayosoma leo kwenye skrini ilivuka karne hizo kwa sababu kuna watu walikubali kukaa na watu wengine.

Vita vya chooni

Sasa kabla uanze kuota kwamba zamani kulikuwa na amani, nikupeleke Kosambi.

Kosambi ulikuwa mji mkubwa, na watawa wake waligawanyika vibaya. Masimulizi ya baadaye yanasema chanzo kilikuwa maji yaliyoachwa kwenye chombo cha chooni. Mtawa mmoja aliyebobea kwenye mafundisho aliyaacha, mwingine aliyebobea kwenye kanuni akasema hilo ni kosa. Mmoja akasema hakujua ni kosa, mwingine akasema basi kama hukujua si kitu, halafu akaenda kuwaambia watu wake kwamba yule jamaa hata hajui kosa lake. Ukishawahi kuona skrinshoti ikitolewa grupu moja ikapelekwa grupu lingine, unajua kilichofuata. Wanafunzi wa huyu na wanafunzi wa yule, matusi, kambi mbili.

Buddha mwenyewe alienda kuwasuluhisha, na wakamwambia, kwa adabu, akae zake kando, ugomvi huo wangeumaliza wenyewe. Hebu fikiria. Mwanzilishi wa kitu chote anaambiwa na wanachama asiingilie. Alichukua bakuli lake akaondoka bila hata kuwaaga.

Unajua nani aliwarudisha kwenye akili? Si mwalimu mwingine. Ni watu wa kawaida wa Kosambi, wale waliokuwa wakiwapa chakula kila siku. Waliposikia kwamba Buddha ameondoka kwa sababu ya ugomvi huo, waliacha kuwasalimu na kuwapa chakula. Njaa ikafanya kile ambacho hotuba zilishindwa kufanya. Watawa wakafunga safari kwenda kumtafuta Buddha ili wapatane.

Lakini kipande cha stori hii ninachokipenda zaidi ni kile cha katikati. Buddha alipoondoka Kosambi, alipita kwenye msitu ambao watu watatu walikuwa wakiishi pamoja: Anuruddha, Nandiya na Kimbila. Akawauliza kama wanaishi kwa amani. Anuruddha akamjibu kwamba wanaishi kama maziwa yaliyochanganywa na maji, wakitazamana kwa macho ya upole. Buddha hakuridhika na jibu zuri. Akauliza: mnafanyaje hasa?

Jibu lilikuwa la mambo madogo madogo. Anayerudi wa kwanza kutoka kuomba chakula anapanga mahali pa kukaa na kuweka maji. Anayerudi wa mwisho anakula kilichobaki akitaka, kisha anaosha vyombo na kufagia. Anayeona mtungi wa maji uko mtupu anaujaza, na ukimshinda uzito anamwita mwenzake kwa ishara ya mkono, wanabeba pamoja bila kupayuka. Kila mmoja anajiuliza kwa nini asiweke kando anachotaka yeye akafanya wanachotaka wenzake. Halafu, kila siku ya tano, wanaketi usiku kucha wakizungumza kuhusu mafundisho.

Siku nne kimya. Usiku wa tano stori mpaka asubuhi.

Nimefikiria sana kuhusu hesabu hiyo. Hawakuongea kila dakika, lakini pia hawakunyamaza milele. Walikuwa na kitu cha kuzungumza kwa sababu walikuwa wametumia siku nne kukifanya. Sisi tumeigeuza: siku nne na nusu tunabishana mtandaoni kuhusu meditesheni, tunaketi dakika kumi.

Shabiki wa hariri

Tusonge mbele hadi mwaka 399 baada ya Kristo, mji wa Chang'an, China. Mtawa anayeitwa Faxian, mzee wa karibu miaka 60, anaona kwamba vitabu vya kanuni za watawa vilivyoko China vimekatikakatika. Anaamua kwenda India kuvitafuta. Kwa miguu. Alianza safari na wenzake wachache, na wengine wakajiunga njiani.

Walivuka jangwa ambalo alama pekee za njia, kwa maelezo yake mwenyewe, zilikuwa mifupa ya waliokufa humo. Walivuka milima ya theluji. Kundi likaanza kupungua. Wengine walirudi nyuma. Mwenzake mmoja, Huijing, aliishiwa nguvu mlimani kwenye baridi akafia mikononi mwa Faxian. Mwingine, Daozheng, alifika India, akaona vile watawa wa huko walivyoishi kwa nidhamu, akaamua kwamba harudi tena kwao. Faxian akabaki peke yake na mzigo wa vitabu.

Alifika Sri Lanka, kwenye makao ya watawa ya Abhayagiri, ambako kulikuwa na sanamu ya Buddha ya jiwe la thamani la kijani. Siku moja akiwa kando ya sanamu hiyo alimwona mfanyabiashara akitoa sadaka ya shabiki, yaani pepeo la mkono, la hariri nyeupe kutoka China. Faxian alikuwa ameishi miaka mingi bila kukutana na mtu wa kwao, bila kuona mmea aliouzoea, na wale aliosafiri nao walikuwa ama wamekufa ama wamebaki nyuma. Akaliona pepeo hilo, machozi yakamtoka.

Kumbuka huyu hakuwa mtu dhaifu. Alikuwa amevuka jangwa. Alikuwa amezungukwa na maelfu ya watawa wa dini yake, kwenye mojawapo ya vituo vikubwa vya Ubuddha duniani. Na bado alikuwa mpweke. Hapo ndipo nilipomwelewa yule msee wa inbox. Kupata watu wa njia moja na kupata watu wanaokujua, wanaojua chakula cha kwenu na utani wa kwenu, ni njaa mbili tofauti. Unaweza kushiba moja ukalia kwa ajili ya nyingine. Kijana wa Kayole anaweza kuwa kwenye kikao cha Zoom na watu hamsini wa Ulaya na Marekani, wote wapole, na bado asiwe na wa kumweleza vile ilivyo kukataa kuchinja kuku wa Krismasi mbele ya nyanyake.

Faxian alirudi China kwa bahari, akafika pwani ya Shandong mwaka 412 baada ya dhoruba zilizokaribia kumzamisha, na akatumia miaka iliyofuata kutafsiri alichokibeba.

Mafundisho ya siri ya usiku

Ukisema neno "siri" kwenye intaneti watu wanakuja mbio. Japani ilijua hilo karne ya 13.

Shinran alizaliwa mwaka 1173. Mwaka 1207 alivuliwa utawa na serikali na kupelekwa uhamishoni, na baadaye akaishi eneo la Kanto, upande wa Tokyo ya leo, akifundisha watu wa kawaida wanaolima na kuuza vitu. Alipopita miaka 60 alirudi Kyoto. Wafuasi wake wakabaki mbali, safari ya kupita mikoa zaidi ya kumi. Hivyo jamii nzima ikawa inaishi kwa barua. Wao wanauliza, yeye anajibu, barua inasomwa kwa sauti mbele ya wote kwenye mkutano. Ukitaka kujua jamii ya kiroho ya masafa marefu ilifananaje kabla ya umeme, ni hiyo. Na Shinran hakujiita bosi wao. Alisema hana hata mwanafunzi mmoja. Wote aliwaona kama wenzake wa safari.

Halafu mabishano yakaanza Kanto. Watu walifasiri mafundisho kila mmoja kivyake. Shinran akamtuma mwanawe, Zenran, aende kutuliza mambo. Zenran akafika akaona fursa. Akawaambia watu kwamba baba yake alimpa yeye peke yake mafundisho ya siri, usiku, na kwamba kile walichofundishwa wengine hakina maana tena. Watu wengi walimfuata. Si ni mtoto wa mzee mwenyewe?

Mwaka 1256, akiwa na zaidi ya miaka 80, Shinran aliandika barua ya kumkana mwanawe. Nyingine akawaandikia wafuasi kuwathibitishia kwamba hakuwahi kumfundisha Zenran chochote kwa siri. Mzee wa miaka hiyo, akichagua kati ya damu yake na watu maskini aliowahi kuwaambia ukweli. Sijui kama mimi ningeweza.

Kinachonishangaza ni namna uongo huo ulivyogunduliwa. Watu wa Kanto waliandika barua. Walilinganisha walichoambiwa na walichosikia zamani. Wengine walisafiri hadi Kyoto kumuuliza mzee uso kwa uso. Buddha mwenyewe, karibu na kifo chake, alikuwa amemwambia Ananda kwamba hana ngumi iliyofungwa ya mwalimu, yaani hakuna alichokificha. Kwa hivyo mtu akikuambia kuna ngazi ya siri ambayo utaelezwa faragha, usiku, na usimwambie yeyote, huyo amekuja na ngumi. Unafaa kushuku.

Karibu na nyumbani

Wengi wetu tunadhani Ubuddha uliingia Afrika Mashariki kupitia YouTube. Hapana. Wakati wa ukoloni, Waisinhala kutoka kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, walikuja Dar es Salaam kufanya kazi. Walikuwa wachache kwenye mji wa misikiti na makanisa. Wakaunda chama chao, wakapata kiwanja, wakajenga hekalu lililoko Upanga hadi leo, lenye mti wa Bodhi uwanjani. Fikiria watu waliobeba mche wa mti kuvuka Bahari ya Hindi ili wapate kivuli cha kukaa pamoja.

Kisha Uganda. Bhante Buddharakkhita alizaliwa mwaka 1966 katika familia ya Kikatoliki. Mwaka 1990 alienda India kusoma mambo ya biashara, akakutana huko na vijana wawili watawa kutoka Thailand, wakawa marafiki. Ona mlango ulivyofunguka: hakuanza na kitabu, alianza na marafiki wawili. Baada ya miaka ya kutafuta, mwaka 2002 alifanywa mtawa huko California. Mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe. Mwanzoni Mwafrika aliyevaa vazi la rangi ya kahawia na kubeba bakuli alikuwa kioja barabarani, na maswali aliyoulizwa unaweza kuyakisia. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa walioifuata njia hiyo. Kwa hiyo yule anayemficha mamake kila asubuhi, simwambii aende kutangaza kesho. Ninasema tu kwamba mama mmoja wa Kiganda alishawahi kutushangaza.

Modemu na laini ya simu

Tufike kwenye intaneti sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla watu wengi hawajajua tovuti ni nini, kulikuwa na kompyuta za nyumbani zilizounganishwa na laini ya simu. Unapiga namba, modemu inalia kama paka aliyekanyagwa, unaingia, unasoma meseji za watu, unaacha yako, unakata. Wabuddha waliotawanyika Marekani, Ulaya na Australia waliona nafasi hapo. Mtu aliyekuwa Mbuddha pekee kwenye mji wake mdogo aligundua kumbe kuna mwingine umbali wa kilomita elfu moja. Watu wa kujitolea walikaa wakachapa vitabu vizima kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, ili wengine wavisome bure. Mwaka 1993 John Bullitt alianzisha Access to Insight huko Marekani kwa njia hiyo hiyo ya laini ya simu, na baadaye ikawa tovuti ambayo wengi wetu tumeisoma bila kujua ilitoka wapi.

Ni bhanaka walewale, wakariri wa zamani, isipokuwa sasa vidole vimechukua nafasi ya ulimi. Na mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya mahekalu, watu wakaanza kuketi pamoja kupitia skrini. Kwa mtu wa Tokyo ama San Francisco hiyo ilikuwa hasara. Kwa mtu wa Kakamega ilikuwa mara ya kwanza mlango kufunguliwa.

Wanane

Lakini siwezi kuwaambia tafuteni wenzenu halafu nifiche upande wa pili.

Sogyal Rinpoche alikuwa mwalimu wa Kitibeti aliyejulikana duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu kuishi na kufa. Alikuwa na wafuasi nchi nyingi. Mwezi Julai 2017, wanafunzi wanane wa miaka mingi, waliokuwepo na waliokuwa wameondoka, walimwandikia barua wakieleza vipigo, unyanyasaji wa kingono na maisha ya anasa. Barua ilisambaa mtandaoni. Mwezi uliofuata akajiondoa kwenye uongozi. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2018 ukakuta kwamba baadhi ya wanafunzi walidhulumiwa kweli. Alikufa mwaka 2019.

Watu hao walikuwa wamezungukwa na wenzao wa imani kwa miaka. Hicho ndicho kinachouma. "Watu wenye fikra kama zako" wanaweza kuwa ukuta. Kila mmoja anaona kitu, kila mmoja anadhani ni yeye tu mwenye macho mabaya, na jamii nzima inamfundisha kunyamaza kwa jina la imani. Kilichovunja ukuta ni wanane kuongea. Walikuwa marafiki wema kwa maana ile ya Meghiya na Ananda, na walilipa bei.

Kwa hivyo, msee wangu

Nimerudi kwenye inbox yako. Linki nitakutumia, usijali. Lakini kabla ya kubonyeza, chukua maswali haya matano kutoka kwa wazee.

Je, watu hawa wanaketi kweli, ama wanabishana tu kuhusu kuketi? Hiyo ni hesabu ya Anuruddha.

Wakikosana, wanapatana vipi? Kila grupu lina maji yake ya chooni. Angalia siku ya pili.

Je, unaweza kuuliza swali gumu mbele ya wote na ukajibiwa mbele ya wote? Ukiambiwa jibu ni la faragha, kumbuka Zenran.

Je, unaweza kuondoka bila kutishwa? Daozheng alibaki, Faxian akaenda, na hakuna aliyemlaani mwenzake.

Na la mwisho: kuna hata mmoja wao anayejua chakula cha kwenu? Kama hayupo, haimaanishi uwakimbie. Inamaanisha utafute pepeo lako. Mtu mmoja tu. Anaweza asiwe Mbuddha hata kidogo. Anaweza kuwa rafiki yako wa kwaya ambaye anajua kukaa kimya na wewe kwenye kibaraza bila kukuuliza umepatwa na nini.

Mimi sikupi kundi. Nakupa ratiba. Siku nne keti, fanya kazi yako, osha vyombo vya mamako bila kuambiwa. Usiku wa tano, mpigie mtu simu. Kama huna wa kumpigia, niandikie tena. Saa nane usiku ni sawa. Lakini safari hii anza na salamu.